Wakongomani Marekani: deni la gari la miaka sita, kibali cha kazi cha miezi 18

Picha inafika kwenye grupu ya WhatsApp ya familia kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Kijana aliyetoka kambi ya Nyarugusu au Nakivale, au dada aliyeshinda loteri ya green card akiwa Bukavu, amesimama kando ya gari inayong'aa, ufunguo mkononi. Goma, Uvira na Kalemie wanapongeza. Siku mbili baadaye maombi yanaanza: feza ya shule, kodi ya nyumba, mgonjwa aliyelazwa. Kwa walio nyumbani, mwenye gari ni mtu aliyekwisha kufaulu.

Huku kwetu fikra hiyo ina msingi. Kivu gari hununuliwa kwa feza mkononi. Mtu anakusanya dola zake, anaagiza gari ya okazioni kutoka Japani kupitia Dar es Salaam au Mombasa, analipa forodha, anapata carte rose, na gari ni yake. Anayeendesha amekwisha kulipa. Marekani mambo yamegeuka: mara nyingi anayeendesha ndiyo kwanza anaanza kulipa, na carte rose ya kule inaendelea kubeba jina la mkopeshaji mpaka dola ya mwisho itoke.

Suala hili linahusu watu wengi. Katika mwaka wa bajeti wa 2024, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100.000, na Wakongomani ndio waliokuwa wengi kuliko watu wa inchi nyingine yoyote, karibu 20.000. Wengi wao ni wa mashariki na wanasema Kiswahili. Mlango huo ulifungwa kwa amri iliyotiwa sahihi tarehe 20 Januari 2025, lakini waliokwisha kuingia wako kule, wanafanya kazi, na wananunua magari. Wananunua katika wakati ambapo bei, kodi na sheria za vibali vimebadilika kwa pamoja. Deni la gari, ambalo zamani lilikuwa ghali tu, leo limekuwa pia deni la hatari.

Kwa nini hawawezi kukaa bila gari

Mtu wa Goma anaweza kuuliza: kwa nini asipande bisi? Jibu liko katika ramani. Louisville na Lexington katika jimbo la Kentucky, Des Moines na Cedar Rapids katika Iowa, Abilene na Fort Worth katika Texas: hii ni miji iliyojengwa kwa ajili ya mwenye gari. Viwanda vya nyama, maghala makubwa ya bidhaa na viwanda vya vipuri viko nje ya mji, karibu na barabara kuu, mahali ambapo bisi hazifiki au hufika wakati zamu imekwisha kuanza. Kazi inaanza saa kumi na moja au kumi na mbili asubuhi. Hakuna taksi-moto ya kusimamisha njiani.

Miezi ya kwanza Wakongomani husaidiana. Mmoja mwenye gari kubwa anabeba wenzake watano au sita, kila mmoja anachangia mafuta kwa juma. Ni mpango mzuri, lakini unavunjika haraka: mwenye gari akibadilishiwa zamu, akiugua au akihamia jimbo lingine, watu sita wanakosa usafiri siku moja. Na kiwandani, kuchelewa mara chache kunatosha kukufukuzisha. Hivyo gari si anasa. Ni chombo cha kazi, kama jembe kwa mkulima wa Masisi au mtumbwi kwa mvuvi wa Idjwi.

Wauzaji wanalifahamu vema jambo hilo. Mteja asiyeweza kungoja ni mteja asiyeweza kubishana juu ya bei.

Alama ya kredi: kuwa bila deni ni tatizo

Jambo linalowashangaza wengi wanaofika ni kwamba mtu asiyewahi kukopa hapewi sifa yoyote kule. Marekani ina mfumo wa alama ya kredi, kati ya 300 na 850, unaoonyesha namna mtu alivyolipa madeni yake huko nyuma. Asiye na deni lolote lililoandikwa hana alama, na banki inamwona kama mtu asiyejulikana. Miaka kumi ya biashara safi katika soko la Kadutu haihesabiwi. Heshima ambayo mzee alikuwa nayo mbele ya wakopeshaji wa mtaa wake haivuki bahari.

Alama inahitaji angalau miezi sita ya malipo yaliyorekodiwa. Wakimbizi wengi wanayo njia moja ya kuanzia bila kuitambua: deni la tiketi ya ndege. Mkimbizi anayesafirishwa kwenda Marekani husaini karatasi ya kurudisha nauli, bila riba, na malipo huanza karibu miezi sita baada ya kufika. Malipo hayo hutolewa taarifa kwa ofisi zinazotunza rekodi za kredi. Wanaolipa kila mwezi kwa siku yake wanajenga jina. Wanaoipuuza karatasi hiyo, wakidhani ni msaada wa bure, wanalichafua jina lao kabla hawajalijenga.

Tatizo ni kwamba gari linahitajika mapema kuliko alama. Kazi inapatikana katika mwezi wa pili au wa tatu, alama nzuri inakuja baada ya mwaka au miwili. Katika pengo hilo ndimo biashara kubwa imejijenga: viwanja vya magari ya okazioni vinavyotangaza kwamba havitazami kredi. Muuzaji ndiye pia mkopeshaji. Unalipa avansi ya dola 1.000 au 2.000, unasaini, unaondoka na ufunguo. Wanachotaka wao ni avansi, karatasi ya mshahara na riba.

Hesabu yenyewe

Riba ndiyo inayotenganisha gari rahisi na gari ghali, kuliko hata bei iliyoandikwa kwenye kioo. Kwa magari ya okazioni, mtu mwenye alama nzuri sana hupata mkopo kwa riba ya karibu asilimia 7 kwa mwaka. Mwenye alama ya chini kabisa hutozwa, kwa wastani, zaidi ya asilimia 20.

Tuchukue mfano. Watu wawili wananunua gari ya aina moja, kila mmoja akikopa dola 15.000 kwa miaka sita.

Wa kwanza, kwa riba ya asilimia 7, analipa karibu dola 256 kwa mwezi. Mwisho wa miaka sita atakuwa ametoa dola 18.400.

Wa pili, mgeni, kwa riba ya asilimia 20, analipa karibu dola 359 kwa mwezi. Mwisho wa miaka sita atakuwa ametoa dola 25.870. Karibu dola 10.900 ni riba tupu.

Gari ni moja. Tofauti ni dola 7.400 na zaidi, na mwenye kipato kidogo ndiye anayeitoa.

Sasa tuiweke hesabu hiyo katika mshahara. Tuseme mgeni huyo analipwa dola 17 kwa saa. Deni peke yake linakula saa 21 za kazi kila mwezi, kabla serikali haijakata kodi yake. Tuongeze bima, yaani asiransi, kwa mfano dola 200, na mafuta dola 120. Jumla ni dola 679 kwa mwezi. Ukigawa kwa 17 unapata saa 40. Hiyo ni juma moja zima la kazi katika kila mwezi: anafanya kazi juma la kwanza ili aweze kufika kazini majuma matatu yanayobaki.

Muuzaji hamwonyeshi mteja hesabu hii. Anamwuliza swali moja tu: unaweza kulipa ngapi kwa mwezi? Mteja akijibu dola 350, muuzaji anarefusha muda wa deni mpaka malipo yaingie hapo. Deni lile lile la dola 15.000 kwa asilimia 20, likilipwa kwa miaka minne, lina malipo ya dola 456 kwa mwezi lakini jumla yake ni dola 21.900. Likisogezwa hadi miaka sita, kwa mwezi linaonekana jepesi, na jumla inapanda kwa karibu dola 4.000. Wepesi wa kila mwezi unanunuliwa kwa uzito wa mwisho.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 juu ya ukweli katika mikopo inamlazimisha mkopeshaji aandike kwenye mkataba, mahali pa kuonekana, riba ya mwaka, gharama yote ya mkopo, kiasi kilichokopwa na jumla ya malipo yote. Kwa hiyo jibu liko kwenye karatasi. Anayejua Kiingereza kidogo tu anaweza kutafuta namba kubwa kuliko zote na kuuliza: hii ndiyo nitakayotoa mpaka mwisho? Kabla ya kusaini, si baada. Hakuna sheria ya taifa inayompa mnunuzi siku tatu za kurudisha gari aliyoinunua kwenye kiwanja cha muuzaji, ingawa wengi wanaamini ipo.

Ukishindwa mwezi mmoja

Huku kwetu mwenye deni akichelewa, mdai anakuja nyumbani, wazee wanakaa, mnaongea. Kule katika majimbo mengi mkopeshaji ana haki ya kulichukua gari bila kupitia mahakama, mradi asifanye fujo. Gari linabebwa usiku na winchi. Magari mengi ya viwanja hivyo hufungwa pia kifaa kinachoonyesha gari iko wapi, na kingine kinachozuia injini isiwake malipo yakichelewa. Mtu anaamka saa kumi usiku kwenda zamu, anazungusha ufunguo, gari kimya.

Na kuchukuliwa kwa gari hakumalizi deni. Gari huuzwa mnadani, kwa kawaida kwa bei ya chini, na tofauti inabaki kwa mnunuzi. Anaendelea kudaiwa gari asilokuwa nayo tena, alama yake imeanguka, na kazi imepotea kwa sababu hana jinsi ya kufika.

Bima nayo ina mtego wake. Karibu majimbo yote yanataka kila gari iwe na bima ya kulipa hasara ya wengine. Lakini gari ikiwa na deni, mkopeshaji anadai bima kamili, inayolinda hata gari yenyewe. Mgeni hana historia ya kuendesha kule, na katika majimbo mengi makampuni ya bima hutazama pia alama ya kredi. Hivyo asiye na alama anaadhibiwa mara mbili, kwenye riba na kwenye bima. Mtu anaweza kuchagua gari akidhani imetosha mfuko wake, kisha akasikia bei ya bima na kugundua kwamba haikutosha. Kuuliza bima kabla ya kuchagua gari hakugharimu chochote.

Nini kimebadilika mwaka 2025

Mpaka hapa tumeeleza mambo ya siku zote. Mambo matano yamekuja juu yake.

La kwanza ni bei. Tangu Aprili 2025 Marekani ilitoza ushuru wa asilimia 25 kwa magari yanayotoka inchi za nje, kabla ya kuupunguza hadi asilimia 15 kwa Japani na Umoja wa Ulaya. Mwezi Septemba 2025 bei ya wastani ya gari mpya ilivuka dola 50.000 kwa mara ya kwanza. Mkongomani anayefika hanunui gari mpya, lakini Mmarekani wa kipato cha kati anaposhindwa na bei hiyo hushuka kwenye okazioni, na hapo anakutana na mgeni akigombania Toyota ile ile.

La pili ni kodi. Sheria ya kodi ya Julai 2025 inamruhusu mnunuzi kupunguza kwenye kipato kinachotozwa kodi riba ya mkopo wa gari, hadi dola 10.000 kwa mwaka, kuanzia 2025 hadi 2028. Lakini ni kwa gari mpya tu, tena iliyounganishwa Marekani. Anayelipa riba ya asilimia 20 kwa gari ya miaka tisa hapati kitu. Nafuu imekwenda kwa aliyekuwa na nafuu tayari.

La tatu ni ulinzi wa mteja. Januari 2025 mahakama moja ya rufaa ilifuta kanuni mpya ya serikali kuu iliyokusudiwa kuzuia wauzaji wa magari kutangaza bei za uongo na kupachika malipo ambayo mteja hakuyaomba. Malipo ya kulinda rangi, ya kuchora namba kwenye vioo, ya karatasi zisizoeleweka, yote haya yanaendelea kumwangukia asiyejua kusema hapana kwa Kiingereza.

La nne ni wakopeshaji wenyewe. Septemba 2025 kampuni ya Tricolor, ya Texas, iliyokuwa ikiuza magari na kukopesha watu wasio na historia ya kredi, hasa wahamiaji wa Amerika ya Kilatini, iliingia katika ufilisi. Viwanja vilifungwa, lakini madeni ya wateja hayakufutwa. Funzo ni kwamba muuzaji anaweza kuanguka na fundi wake akatoweka pamoja na ahadi ya kutengeneza gari, lakini mkataba unabaki hai na mtu mwingine anakuja kuudai.

La tano ndilo zito kuliko yote: vibali. Tangu tarehe 5 Desemba 2025, kadi mpya za kibali cha kazi kwa wakimbizi, kwa waliopewa hifadhi na kwa wanaosubiri jibu la ombi la hifadhi zinatolewa kwa miezi 18 tu, wakati zamani zilifika miaka mitano. Mwishoni mwa Oktoba 2025 serikali ilikuwa pia imefuta utaratibu wa kurefusha kadi yenyewe moja kwa moja wakati mtu akisubiri kadi mpya. Ofisi ikichelewa, kadi inakufa.

Hapa ni lazima kutenganisha watu. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi haki yake ya kufanya kazi haitoki kwenye kadi hiyo. Anaweza kumwonyesha mwajiri permi yake ya kuendesha pamoja na kadi ya Social Security isiyo na maandishi ya kuzuia kazi, na hiyo inatosha kisheria. Wengi hawajui, na baadhi ya waajiri nao hawajui. Lakini anayesubiri jibu la hifadhi, kama walivyo wengi waliofika Portland katika jimbo la Maine tangu 2019, kadi ndiyo kila kitu. Ikiisha, kazi inasimama. Na katika majimbo mengi permi ya kuendesha ya mgeni hutolewa kwa muda wa karatasi zake za ukaaji.

Sasa tuweke tarehe mbili kando kando. Mkataba wa gari: miezi 72. Kadi ya kazi: miezi 18. Mtu huyo atalazimika kuomba kadi upya mara tatu, na kila mara isichelewe, kabla gari haijawa yake. Mkopeshaji hausubiri uamuzi wa ofisi ya uhamiaji. Zamani tulimwambia mgeni: usichukue deni refu kwa sababu ni ghali. Leo sababu ni nyingine: usichukue deni linaloishi kuliko kibali chako.

Njia ndogo lakini salama

Hoja hii haimaanishi mgeni akae bila gari. Inamaanisha gari ya kwanza iwe ndogo kuliko ile anayoweza kupewa. Kukubaliwa mkopo wa dola 20.000 si ushahidi kwamba mtu anaweza kuulipa.

Wanaofaulu mara nyingi wanafuata njia ya zamani ya kwetu. Wanakaa kwenye gari ya kuchangia kwa miezi sita au minane, wanalipa deni la tiketi kila mwezi, na kuweka feza pembeni. Wengine wanaingia likelemba na wenzao wa kazi, zamu yao ikifika wananunua gari ya dola 4.000 au 5.000 kwa feza taslimu. Gari haing'ai, haifai kwa picha, lakini haina riba, haina kifaa cha kuizima, na inaweza kuwekewa bima ndogo. Likelemba hapa ina faida ambayo banki ya kigeni haina: inatazama tabia ya mtu inayojulikana, si alama.

Wanaolazimika kukopa wana mlango mwingine: vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, vinavyofanana na COOPEC tunazozijua Goma na Bukavu. Wenye chama ni wanachama wenyewe. Vile vilivyoandikishwa na serikali kuu haviruhusiwi kutoza riba zaidi ya asilimia 18, na baadhi vina mikopo kwa watu wasio na historia ya kredi. Mtu anaweza kwenda kwanza huko, apate barua ya kiasi na riba, ndipo aende kwa muuzaji. Anayeingia kiwanjani akiwa na barua hiyo anaongea juu ya bei ya gari. Anayeingia bila barua anaongea juu ya malipo ya mwezi.

Juu ya gari yenyewe, mambo matatu yanaokoa. Dirisha la gari ya okazioni kwenye kiwanja linapaswa kuwa na karatasi inayosema kama kuna garanti. Ikiandikwa "As Is", maana yake ukivuka geti, kila hasara ni yako. Namba ya gari yenye herufi na tarakimu 17 inaonyesha, kwa malipo kidogo, kama gari iliwahi kupata ajali kubwa au kuzama katika mafuriko. Carte rose iliyoandikwa "Salvage" au "Rebuilt" ni ya gari iliyokwisha kuhesabiwa kuwa imekufa. Na fundi awe wako, si wa muuzaji. Dola 100 au 150 za kuichunguza gari ni ndogo kuliko injini mpya. Katika kila mji wenye Wakongomani wengi kuna fundi mmoja kutoka Butembo au Bunia anayejua kusikiliza injini.

Mwisho, kuna mtego unaotoka ndani ya undugu wetu wenyewe. Mwenye alama nzuri huombwa na mdogo wake au muumini mwenzake awe mdhamini wa mkopo. Kwetu kudhamini ni heshima. Kule ni deni kamili: mwenzako akishindwa, unadaiwa wewe, na alama yako inaanguka pamoja naye. Mzee anayetaka kusaidia afadhali atoe dola 500 za avansi kuliko sahihi yake.

Familia nyumbani ina sehemu yake

Hesabu hii haiishii Kentucky au Iowa. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, banki za biashara zilifunga milango na familia nyingi zikabaki zikitegemea feza inayotumwa kwa simu na ndugu walio ng'ambo. Kwa hiyo dola 103 anazozitoa mgeni kila mwezi kwa sababu tu ya riba ya asilimia 20 badala ya 7, ni dola ambazo zingekuwa unga, dawa au feza ya shule mjini Goma. Mkataba mbaya uliosainiwa kwenye kiwanja cha magari kule unafika hadi jikoni huku.

Kuna jambo lingine linalounganisha pande mbili. Tangu tarehe 1 Januari 2026 Marekani inatoza kodi ya asilimia 1 kwa feza inayotumwa nje ikilipwa kwa noti mkononi au kwa hundi za aina fulani. Inayotoka kwenye akaunti ya banki au kadi ya Marekani haitozwi. Akaunti hiyo hiyo ndiyo inayosaidia mgeni kujulikana na banki kabla ya kuomba mkopo. Anayebaki kwenye noti mkononi, kwa mazoea ya nyumbani, anapoteza pande zote mbili.

Lakini familia nayo ina kazi, na kazi hiyo ni kuisoma picha upya. Gari inayoonekana nyuma ya kijana haionyeshi alichokusanya. Mara nyingi inaonyesha anachodaiwa. Kaka anayesema "sina" akiwa ameegemea gari ya mwaka 2022 huenda hasemi uongo. Na shinikizo la kuonekana amefaulu ndilo mara nyingine linalomsukuma kuchukua gari ya dola 20.000 wakati ya 5.000 ingemfikisha kazini saa ile ile.

Kama mama au mjomba anataka kuuliza swali juu ya gari hiyo, lipo moja linalosaidia kuliko pongezi: mwanangu, deni linaisha mwezi gani, na kadi yako ya kazi inaisha mwezi gani? Kama kadi inaisha kwanza, basi familia ijue kwamba miezi inayokuja si ya kuomba sana. Ni ya kumwacha alipe mbele, apunguze deni, mpaka carte rose ibaki na jina moja tu, lake.